Jinsi ya kupima kama maduka halali ya bangi Marekani yanarundikana kwenye mitaa ya watu wa hali ya chini

Je, katika jimbo lililoruhusu bangi, maduka yenye leseni hufunguliwa zaidi kwenye mitaa ya maskini? Jibu la haraka halina kazi kulipata: chukua orodha ya leseni, iweke juu ya ramani ya umaskini, hesabu. Ukifanya hivyo Colorado au Washington utaona maduka yameelemea upande wa mitaa yenye hali duni, na watafiti kadhaa waliopima majimbo hayo wameona vivyo hivyo. Lakini hesabu hiyo haikwambii ni nani aliyeyapeleka huko. Mwenye duka hachagui kutoka jimbo zima. Anachagua kutoka vipande vya ardhi vilivyosalia baada ya bunge la jimbo kuweka umbali na shule, halmashauri kadhaa kupiga marufuku moja kwa moja, na idara ya mipango miji kuamua biashara hii ikae ukanda gani. Sehemu kubwa ya jibu huwa imeshaandikwa kwenye ramani ya mipango miji kabla mfanyabiashara hajatafuta chumba cha kupanga. Kwa hiyo pima mambo mawili kwa kutenganisha: ardhi inayoruhusiwa iko wapi, na ndani ya ardhi hiyo maduka yamekwenda wapi.

Utahitaji QGIS, programu ya ramani ambayo ni ya bure, na R au Python kwa hesabu. Chagua jiji moja au kaunti moja kwanza. Anayeanza na jimbo zima huishia kuruka sheria za halmashauri kwa sababu ni nyingi, na akiziruka hizo kazi yote imeharibika.

Soma sheria kabla ya kufungua ramani

Kila jimbo lina masharti yake, na umbali hupimwa kwa futi. Sheria ya California inaweka futi 600 (mita 183) kutoka shule, vituo vya kulelea watoto na vituo vya vijana, lakini inaruhusu halmashauri kuongeza au kupunguza. Massachusetts ni futi 500 (mita 152) kutoka shule, na huko pia mji unaweza kupunguza. Washington ni kali zaidi: futi 1,000 (mita 305), na orodha yake haiishii kwenye shule. Imo bustani ya umma, maktaba, kituo kikuu cha usafiri wa umma, uwanja wa michezo ya watoto, kituo cha burudani, kituo cha kulelea watoto na ukumbi wa michezo ya mashine. Kwenye jiji lililosongamana orodha ndefu kama hiyo hufuta mitaa mizima. Ndiyo maana mwaka 2015 jimbo hilo liliruhusu halmashauri kushusha umbali hadi futi 100, isipokuwa kwa shule za msingi na sekondari na viwanja vya michezo ya watoto. Ukichora Washington ya 2014 kwa sheria ya leo, au ya leo kwa sheria ya 2014, utapata ardhi ambayo haikuwahi kuwapo.

Angalia pia kama leseni zina kikomo. Washington ilianza na kikomo cha maduka 334 yaliyogawiwa kaunti na miji, na waombaji walipozidi nafasi kukapigwa bahati nasibu. Baada ya soko la bangi ya matibabu kuunganishwa na soko la kawaida kikomo kikapanda hadi 556. Illinois inagawa leseni kwa maeneo ya jimbo na inadai futi 1,500 (mita 457) kati ya duka na duka. Mahali penye kikomo kwa kila mji, kulinganisha mji na mji kunapima kalamu ya aliyegawa leseni tu. Linganisha mitaa iliyo ndani ya mji uleule.

Halafu marufuku za halmashauri. Huko California, halmashauri nyingi za miji na kaunti haziruhusu duka la rejareja kabisa. Colorado na Massachusetts nazo zina miji iliyokataa. Mara nyingi iliyokataa ni ile ya pembeni yenye wakazi wenye kipato kizuri na muda wa kuhudhuria vikao. Ukiacha maeneo hayo kwenye hesabu kama sifuri, tayari umeshapata uhusiano kati ya umaskini na maduka hata kama ndani ya kila mji unaoruhusu maduka yametawanyika bila mpangilio wowote. Tengeneza jedwali dogo: jina la halmashauri, inaruhusu rejareja au la, tangu lini, umbali gani kutoka nini, kanda zipi za ardhi zinaruhusiwa, umbali kati ya duka na duka. Jedwali hili linachosha kulijaza na hakuna anayelishangilia, ila matokeo yote yanasimama juu yake.

Orodha ya leseni na mitego yake

Majimbo hutoa orodha hizi hadharani: Colorado kupitia idara yake ya mapato, Washington kupitia bodi yake ya pombe na bangi, California kupitia Department of Cannabis Control iliyoundwa Julai 2021 kwa kuunganisha ofisi tatu. Pakua na uandike tarehe kwenye jina la faili. Orodha nyingi huandikwa upya mara kwa mara, na duka lililofungwa hutoweka bila kuacha alama. Kama unataka kujua maduka yalikuwa wapi miaka iliyopita, tafuta nakala za zamani za kurasa hizo kwenye hifadhi ya intaneti, au omba kumbukumbu kwa maandishi.

Kabla ya kuhesabu, safisha.

Ondoa leseni zisizo za duka. Orodha huchanganya mashamba, viwanda vya kusindika, maabara za vipimo na wasafirishaji. Kosa hili ndilo linaloharibu zaidi ramani za Denver: mitaa ya Globeville na Elyria-Swansea, palipopita barabara kuu za I-70 na I-25, reli na maghala, imejaa mashamba ya ndani ya majengo. Ukiyahesabu kama maduka, idadi inapaa kwa sababu isiyo ya duka. Mashamba yana athari zake, harufu na umeme, na yanastahili kupimwa, ila kwa safu yake mwenyewe.

Unganisha leseni mbili za mlango mmoja. Colorado duka moja linaweza kuwa na leseni ya bangi ya matibabu na nyingine ya rejareja kwenye anwani ileile. Tumia anwani iliyosafishwa, usitumie jina la biashara, maana jina hubadilika na minyororo ya maduka hurudia jina moja kila tawi.

California, tenga duka lenye mlango wa mteja na leseni ya rejareja isiyo na mlango, yaani ya kupeleka majumbani tu. Leseni ya biashara ndogo mseto inaweza kuwa na duka au isiwe nalo. Angalia shughuli zilizoorodheshwa kabla ya kuamua.

Hakikisha duka limefunguliwa kweli. Leseni iliyotolewa si duka lililofunguliwa, na kati ya tarehe hizo mbili inaweza kupita zaidi ya miezi kumi na miwili. Kwa jiji moja, pitia kila anwani kwenye picha za barabarani za ramani za intaneti. Mahali ambapo orodha ina tarehe ya mauzo ya kwanza, tumia hiyo.

Jambo moja orodha haitakuonyesha kamwe ni maduka yasiyo na leseni. New York ilihalalisha bangi Machi 2021, duka la kwanza halali likafunguliwa mwisho wa Desemba 2022, na katikati jiji likajaa maduka yasiyo rasmi. Los Angeles imeishi na tatizo kama hilo kwa miaka mingi. Kama kazi yako inahusu leseni, sema hivyo wazi kwenye kichwa cha jedwali. Usiandike "upatikanaji wa bangi" ilhali umepima karatasi za serikali.

Kutoka anwani hadi nukta

Mtambo wa bure wa Ofisi ya Sensa ya Marekani hupokea anwani hadi 10,000 kwa mkupuo na hurudisha longitudo, latitudo na namba ya eneo la sensa, yaani kipande kidogo cha ardhi kinachotumika kutolea takwimu za wakazi. Faili iwe na safu tano kwa mpangilio huu: namba ya utambulisho, mtaa, mji, jimbo, msimbo wa posta. Toa namba za vyumba na maneno ya "ghorofa" kwanza, yanavuruga. Zile zilizokosa jibu zitafute moja moja kwa mkono. Usizitupe, kwa sababu zinazokosa mara nyingi ni za barabara kuu za vijijini na viwanja vipya vya viwanda, na hizo hazikutawanyika kwa bahati. Zile zilizopatikana kwa kukadiria tu zikague: mtambo huu hugawa namba za nyumba sawasawa kando ya barabara, na nukta inaweza kukaa mita 50 au 100 kutoka mlango wa kweli. Kwa duka lililo mpakani mwa maeneo mawili, hiyo inatosha kulihamisha.

Hakikisha jimbo limejazwa kwenye kila mstari. Kuna Ontario ya California, Ontario ya Oregon na Ontario ya Kanada, na zote tatu zimo kwenye habari za bangi.

Mtego wa kitoto unaokula kazi za watu wazima: namba ya eneo la sensa ina tarakimu 11, yaani 2 za jimbo, 3 za kaunti na 6 za eneo. Colorado ni 08 na California ni 06. Lahajedwali ukilifungua kwa kubofya tu, linaifanya namba kuwa hesabu na kufuta ile sifuri ya mbele, kisha majedwali yanakataa kuungana. Ingiza safu hiyo kama maandishi tangu mwanzo.

Kupima hali duni

Kitengo cha kawaida ni eneo la sensa, ambalo huwa na watu 1,200 hadi 8,000 na kwa kawaida karibu 4,000. Kuna kitengo kidogo zaidi chini yake, cha watu 600 hadi 3,000, lakini takwimu zake zinayumba sana. Kwa kazi hii kaa kwenye eneo la sensa isipokuwa una sababu nzito.

Unaweza kuchukua kipimo kilichotengenezwa tayari. Cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, kinachojulikana kwa kifupi ADI, hupanga vipande vidogo kutoka 1 hadi 100 kitaifa, 100 ikiwa hali duni kabisa. Udhaifu wake ni kwamba bei za nyumba zinakitawala: kwenye miji ya nyumba ghali kama San Francisco, mtaa wa watu wanaohangaika unaonekana wa nafuu. Usikitumie ndani ya jiji la aina hiyo. Cha kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa (CDC), kinachoitwa SVI, hutumia eneo la sensa na alama za 0 hadi 1, kikichanganya kipato, kaya, asili ya watu, nyumba na usafiri. Kama unataka kupima umaskini na asili ya watu kila kimoja peke yake, SVI nzima itakuchanganyia vyote viwili. Tumia sehemu yake ya kwanza tu, ya hali ya kiuchumi. Thamani zilizokosekana humo zimeandikwa -999, na ukisahau kuzifuta wastani wako utaanguka shimoni.

Ni bora utengeneze chako kutokana na utafiti wa jamii wa Ofisi ya Sensa, ACS, toleo la miaka mitano. Asilimia tano zinatosha: watu walio chini ya mstari wa umaskini (jedwali B17001), wasio na ajira kati ya nguvukazi (B23025), watu wazima wa miaka 25 na zaidi wasiomaliza sekondari (B15003), kaya zinazopokea fedha za msaada wa serikali (B19057), na familia zenye watoto zinazoongozwa na mama peke yake (B11003). Kutoka kila moja punguza wastani wa maeneo yote, gawanya kwa mkengeuko wastani, kisha chukua wastani wa zile tano. Mwisho gawanya wastani huo tena kwa mkengeuko wake, ili "pointi moja" iwe na maana moja. Ukitaka pia kipato cha kati (B19013), geuza alama yake, na kumbuka ukipakua kwa programu thamani isiyopatikana huandikwa -666666666.

Mambo manne huharibu kipimo hiki.

Wanafunzi. Waliomo kwenye mabweni ya chuo hawahesabiwi katika umaskini, lakini waliopanga nje ya chuo wanahesabiwa. Boulder ya Colorado na Pullman ya Washington zina maeneo yanayoonekana fukara kumbe ni vijana wanaolipiwa na wazazi. Maduka ya bangi nayo hupenda kukaa karibu nao. Weka safu ya asilimia ya wanafunzi wa chuo, au rudia hesabu bila maeneo hayo uone kama jibu linabaki.

Maeneo yasiyo na watu. Namba za eneo zinazoanzia 98 mara nyingi ni viwanja vya ndege, bustani kubwa na maeneo ya viwanda. Zinazoanzia 99 ni maji. Ondoa yote yenye wakazi chini ya 500 na useme umeondoa mangapi na maduka mangapi yamo humo. Hilo la mwisho usiliruke, kwa sababu maduka kwenye ukanda wa viwanda usio na wakazi yanaweza kuwa mengi.

Yumbayumba ya sampuli. ACS hutoa pengo la makosa la kiwango cha asilimia 90. Ligawanye kwa 1.645 upate kosa la kawaida. Kosa likizidi asilimia 40 ya makadirio yenyewe, namba hiyo usiitegemee peke yake.

Wakati. Ukitaka kujua kama hali duni ilivuta duka, hali hiyo ipimwe kabla ya duka. Colorado ilianza kuuza Januari 1, 2014, kwa hiyo tumia ACS ya 2009–2013. Kwa California, iliyoanza Januari 1, 2018, tumia 2013–2017. Mipaka ya maeneo ilichorwa upya kwa sensa ya 2020, na ACS inayoishia 2020 au baadaye inatumia mipaka mipya. Usiunganishe mipaka ya 2010 na ya 2020 kwa namba tu: namba ileile inaweza kuwa eneo tofauti. NHGIS, hifadhi ya takwimu za sensa za Marekani, hutoa majedwali ya kuvusha takwimu kutoka mipaka ya zamani hadi mipya.

Kuchora ardhi inayoruhusiwa

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi huishia njiani.

Pakua ramani ya kanda za matumizi ya ardhi na ramani ya viwanja kutoka tovuti ya takwimu huria ya jiji. Soma kwenye kanuni za jiji kanda zipi zinaruhusu duka la bangi, kisha chagua viwanja vilivyomo kwenye kanda hizo. Badilisha tabaka zote kwenda mfumo wa mita kabla ya kupima chochote: UTM 13N (EPSG:26913) kwa sehemu kubwa ya Colorado, UTM 10N (EPSG:26910) kwa Seattle na Portland. Mafaili ya Ofisi ya Sensa huja kwa digrii, na ukimwambia QGIS achore mduara wa 305 kwenye digrii, utafunika dunia.

Kisha maeneo ya katazo. Shule za umma na za binafsi zinapatikana kama nukta kutoka kituo cha taifa cha takwimu za elimu, NCES. Lakini sheria haipimi kutoka nukta. California hupima mstari mnyoofu kutoka mpaka wa kiwanja cha shule hadi mpaka wa karibu wa kiwanja cha duka, bila kujali majengo yaliyo katikati. Washington nayo hupima kutoka mpaka hadi mpaka. Shule ya sekondari yenye viwanja vya michezo inaweza kuwa na upana wa mita 300. Mduara wa mita 183 kutoka nukta iliyo katikati yake unatoka nje ya uzio kwa kama mita 33 tu. Kwa hiyo unganisha kila nukta ya shule na kiwanja chake, na kama shule ina viwanja kadhaa viyeyushe kuwa kimoja, halafu ndipo uchore ukanda. Kiwanja chochote kinachoguswa na ukanda kinatoka, hata kikiguswa kona tu, kwa sababu ndivyo sheria ya mpaka hadi mpaka inavyofanya kazi.

Rudia kwa kila aina ya mahali iliyotajwa na sheria. Vituo vya kulelea watoto hupatikana kwenye orodha ya leseni ya jimbo, bustani kwenye tovuti ya jiji. Toa kanda zote za katazo kutoka viwanja vinavyoruhusiwa. Kinachobaki ndicho soko halisi la ardhi.

Sasa weka maduka yako juu yake. Ukiona zaidi ya moja kati ya kumi yako nje ya ardhi uliyosema inaruhusiwa, umesoma sheria vibaya au nukta zako zimekaa vibaya. Machache yakiwa nje ni kawaida: duka lililofunguliwa kabla ya shule kuhamia jirani huachwa liendelee, na duka la matibabu la zamani linaweza kuwa lilirithi ruhusa. Hayo usiyafute. Yape alama, uhesabu ukiwa nayo na bila nayo.

Hesabu, na kwa nini inatoa majibu mawili

Tuseme mji wa kubuni una maeneo 100 ya sensa: 30 ya hali duni na 70 mengine, na maduka 40. Kati ya hayo 24 yako kwenye maeneo duni na 16 kwingine. Kwa kila eneo ni 0.8 dhidi ya 0.23, yaani mara 3.5. Kichwa cha habari kiko tayari. Lakini ukipima ardhi inayoruhusiwa unakuta kilomita za mraba 12 ziko kwenye maeneo duni na 10 kwingine. Kwa kilomita ya mraba ni maduka 2.0 dhidi ya 1.6, yaani mara 1.25. Sehemu kubwa ya ile tofauti imetoka kwenye ramani ya mipango miji. Chaguo la wenye maduka limeongeza kidogo tu.

Andika namba zote mbili. Anayeandika ya kwanza peke yake anamtwisha mfanyabiashara mzigo wa halmashauri. Anayeandika ya pili peke yake anasema hakuna tatizo, wakati mkazi wa maeneo yale 30 anaishi na ile 3.5, awe ameletewa na mfanyabiashara au na karani wa mipango miji. Ardhi ya biashara nzito na viwanda haikuishia kwenye mitaa ya maskini kwa bahati. Kwenye miji mingi ya Marekani ilipangwa hivyo miongo mingi kabla bangi haijawa halali.

Kupima kama ile 1.25 ni bahati tu, njia inayoeleweka na kila mtu ni ya kutupa nukta ovyo. Chukua idadi ileile ya maduka, itupe bila mpangilio juu ya viwanja vinavyoruhusiwa, kila halmashauri idadi yake, ukiheshimu umbali kati ya duka na duka kama sheria inaudai. Andika wastani wa alama ya hali duni mahali nukta zilipoangukia. Rudia mara 999. Kisha ona mara ngapi wastani wa bahati ulifikia au kupita wastani wa maduka ya kweli. Ongeza moja, gawanya kwa 1,000. Ukipata 0.02, bahati peke yake ingetoa matokeo kama hayo mara 2 kwa kila 100. Ukisahau sharti la umbali, nukta zako zitasongamana kuliko maduka yanavyoruhusiwa, na jibu halitalingana na hali ya kweli.

Ukihitaji kudhibiti mambo mengi kwa pamoja, tumia modeli ya kuhesabu: idadi ya maduka kwa kila eneo upande mmoja, alama ya hali duni, urefu wa barabara kuu na asilimia ya wanafunzi upande mwingine, na logi ya ardhi inayoruhusiwa kama kipimo cha fursa (offset). Anza na modeli ya Poisson. Mtawanyiko (variance) wa hesabu ukizidi wastani wake, na kwa maduka huzidi karibu kila mara, hamia modeli ya binomiali hasi. Kwenye R ni amri ya glm.nb. Maeneo yasiyo na ardhi inayoruhusiwa hutoka, kwa kuwa logi ya sifuri haipo. Usiyajaze kwa 0.001 kama wengine wafanyavyo: unatengeneza mamia ya maeneo ambayo duka lisingeweza kufunguliwa na kuyaita ushahidi. Kigezo cha hali duni kikitoka 0.18, kipandishe kwa eksponenti: 1.20, yaani maduka asilimia 20 zaidi kwa kila mkengeuko mmoja wa hali duni, ardhi ikiwa sawa. Kagua masalia, yaani tofauti kati ya makadirio ya modeli na hesabu halisi, kwa kipimo cha Moran, kinachoonyesha kama maeneo jirani yanafanana. Majirani wakifanana bado, makosa yako ya kawaida ni madogo kuliko ukweli, na modeli yenye muundo wa ujirani inahitajika.

Barabara iliyo mpaka

Mipaka ya maeneo ya sensa hufuata barabara kubwa. Maduka nayo hukaa kwenye barabara kubwa. Matokeo yake, maduka mengi yako mita chache kutoka mpaka, na kulihesabu duka kuwa la upande wa kaskazini kwa sababu mlango wake uko kaskazini ni upuuzi ikiwa watu wa kusini wanavuka zebra tu kulifikia. Ukihesabu duka kwa eneo lake peke yake, unaweza kupata eneo duni lenye sifuri likitazamana na eneo la kati lenye maduka manne.

Njia fupi ya kurekebisha: chora ukanda wa mita 100 nje ya kila eneo na uhesabu maduka yote yaliyomo, hata kama duka moja litahesabiwa mara mbili. Njia nzuri zaidi: Ofisi ya Sensa hutoa kitovu cha wakazi kwa kila eneo, ambacho si katikati ya ramani bali katikati ya watu wanapoishi. Pima umbali wa kutembea kutoka kitovu hicho hadi duka la karibu, kwa njia za barabara. Mita 800, kama dakika kumi kwa miguu, ni kizingiti kinachotumika sana. Reli na barabara kuu isiyo na daraja la waenda kwa miguu zitabadilisha jibu mno, hasa kwenye mitaa ya viwanda, na mstari mnyoofu hauzioni.

Mahali ambapo hesabu nzuri bado inadanganya

Miji ya mpakani. Ontario ya Oregon inauza bangi nyingi kwa watu wa Idaho, ambako haijaruhusiwa. Trinidad ya Colorado ilijaza maduka kwa kuwa iko barabarani kuelekea New Mexico, iliyoanza mauzo yake Aprili 2022 tu. Miji kama hii haina utajiri, maduka ni mengi, na wateja wanatoka kwingine. Pima umbali hadi mpaka wa jimbo ambalo bado limekataza, uuweke kwenye modeli.

Leseni za fidia. Oakland tangu 2017 imetenga nafasi kwa waombaji wenye kipato kidogo waliohukumiwa kwa makosa ya bangi jijini humo au walioishi kwenye maeneo ya doria yenye ukamataji mwingi. Illinois nayo ina utaratibu wake kwa watu wa maeneo yaliyoathirika. Duka kwenye mtaa wa hali duni linaweza kuwa la mtu wa mtaa huohuo. Kama orodha inaonyesha leseni za aina hii, zihesabu kando, ila kumbuka sharti linahusu mwenye leseni na si anwani ya duka, kwa hiyo usidhani viwili hivyo vinakwenda pamoja mpaka uvikague.

Maduka yanayofungwa. Mauzo ya Colorado yalifika kilele 2021 na yameshuka tangu hapo, na maduka yamefungwa. Picha ya siku moja inachanganya mahali maduka yanapofunguliwa na mahali yanapodumu. Ukiwa na nakala za orodha za miaka kadhaa, mpe kila duka tarehe ya kuanza na ya kuisha, na ufanye hesabu mara mbili: ya ufunguzi mpya wa kila mwaka, na ya waliosalia. Ukikuta ufunguzi haujaelemea popote lakini waliosalia wameelemea mitaa duni, huenda kinachoendelea ni kodi ya pango, na jedwali la sheria ulilojaza mwanzoni halitakueleza hilo. Tafuta takwimu za kodi za pango la maduka za jiji lako.